Kanisa la 1866 ndani ya jengo la 1900: jibu kwa msomaji wa Tanga

Msomaji wetu wa Tanga ana binti anayesoma Georgia, Marekani. Binti huyo alikwenda na wenzake kutembelea kisiwa cha Sapelo, akamtumia mama yake picha ya kanisa la mbao lililosimama peke yake katikati ya miti. Mwenyeji wao aliwaambia ni kanisa la Wabaptisti Weusi, kwamba lilianzishwa 1866 ila jengo ni la 1900, na kwamba miongoni mwa waumini wake wamo wa kizazi cha Mwislamu mmoja aliyekuwa mtumwa hapo hapo kisiwani. Mama anauliza mambo mawili: tuamini mwaka upi, na ilikuwaje kizazi cha Mwislamu kikawa cha Kibaptisti? Je, walilazimishwa na mabwana zao?

Shikamoo mama. Nianze na mwaka, maana ndio rahisi. Yote miwili ni ya kweli, ila haihesabu kitu kimoja. Mwaka 1866 watu walikutana wakajiunda kuwa kanisa, wakiwa hawana hata kiwanja. Mwaka 1900 walisimamisha nyumba aliyoiona binti yako. Katikati yake upo mwaka wa tatu ambao mwenyeji hakuutaja, 1871, na mimi ndio ninaouona mkubwa kuliko yote miwili, nitaufikia. Na kabla ya hiyo yote ilikuwepo miaka mingi ya ibada ambayo hakuna karani aliyeiandika.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo gumu. Sapelo iko kaunti ya McIntosh, kwenye mwambao wa Georgia. Usidhanie mikoko kama ya kwetu. Kule kati ya kisiwa na bara ni tope na majani marefu ya maji ya chumvi, na hadi leo unavuka kwa boti. Mwaka 1802 tajiri aitwaye Thomas Spalding alinunua upande wa kusini wa kisiwa, akalima pamba ya nyuzi ndefu na miwa kwa mikono ya watumwa mamia. Mnyapara wake mkuu alikuwa mtumwa vilevile: Bilali Muhammad, mzaliwa wa Timbo huko Futa Jallon, Guinea ya leo. Bilali ameacha maandishi ya Kiarabu ya kurasa 13, mengi yakitokana na Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, kitabu cha fiqhi ya Kimaliki, kuhusu udhu na sala. Yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Georgia. Wakati wa vita vya Marekani na Uingereza vilivyoanza 1812, Spalding alimkabidhi bunduki ili alinde kisiwa. Inasimuliwa kwamba Bilali alijibu angewadhamini Waislamu wenzake, lakini hao watumwa Wakristo wa bwana, hapana. Kwa hiyo tayari zama hizo kisiwani palikuwa na dini mbili, na mwenye cheo alikuwa Mwislamu.

Miaka ya 1930 waandishi wa mradi mmoja wa serikali walimkuta Katie Brown, mzee wa kisiwani, mmoja wa kizazi cha Bilali. Akawatajia binti saba wa mzee huyo, wakiwemo Medina, Fatima na Bentoo. Akaeleza jinsi Bilali na mkewe Phoebe walivyoomba kwa tasbihi juu ya mkeka, jua likichomoza. Akamkumbuka na bibi yake Margaret, mmoja wa hao saba, aliyekuwa na siku yake moja kila mwaka. Huosha mchele, huulaza na unyevu wake usiku kucha. Asubuhi huutwanga kinuni mpaka ukawa rojo, hutia asali au sukari, hukanda viduara bapa kwa mkono na kuwagawia watoto. Vikate hivyo akiviita saraka. Wewe wa Tanga hapo huhitaji mkalimani.

Lakini anayesimulia hayo anaishi kisiwani ambako makanisa yaliyopo ni ya Kibaptisti. Nini kilitokea katikati? Uislamu wa Sapelo ulikauka bila mtu kuupiga marufuku. Marekani ilifunga uingizaji wa watumwa wapya mwaka 1808, kwa hiyo hakushuka melini mwalimu mwingine. Hapakuwa na chuo cha kusomesha watoto Kurani. Na binti saba wasingepata waume saba Waislamu mahali ambapo jirani ametoka Angola, mwingine Sierra Leone, na wa tatu kazaliwa Carolina. Vikabaki vile ambavyo bibi anaweza kuvirithisha bila kitabu: siku, chakula, mkao wa kuomba. Cornelia Walker Bailey, msimulizi mashuhuri wa historia ya kisiwa aliyefariki 2017, alieleza kwamba katika utoto wake walifundishwa kuomba wakielekea mashariki. Hapo watafiti wengine hukimbilia kusema ni kibla. Mimi ningekwenda taratibu, kwa kuwa Wakristo nao tangu zamani huwalaza wafu wao kichwa magharibi na uso mashariki. Inawezekana kabisa mila mbili zilikutana mahali pamoja na kila moja ikaona ya kwake.

Je, walilazimishwa? Mabwana walijaribu, na dini waliyoileta ilipokewa vibaya. Kaunti ya jirani, Liberty, alikuwepo mchungaji mzungu aitwaye Charles Colcock Jones aliyejitolea kuwahubiria watumwa. Alieleza mwenyewe kisa hiki: alihubiri juu ya Filemoni na Onesimo, yaani waraka wa Paulo kuhusu mtumwa mtoro na bwana wake, akafika pale pa kumsifu mtumwa mtiifu na kumlaani mtoro. Nusu ya wasikilizaji wakanyanyuka wakaondoka. Baada ya ibada baadhi ya waliobaki wakasema kwa kiapo kwamba waraka kama huo haumo kwenye Biblia, na wengine wakasema hawajali hata wasipomsikia tena. Hao ni watu ambao sheria iliwakataza kufundishwa kusoma. Walijua wanachokataa.

Walichokikubali kilitoka kwa wenzao. Mjini Savannah, mwendo wa kaskazini kutoka Sapelo, Andrew Bryan, aliyekuwa mtumwa, aliwekewa mikono kuwa mchungaji na kanisa lake likaundwa rasmi mwaka 1788, baada ya yeye na wenzake kuchapwa viboko kwa kosa la kukusanyika. Jina la kanisa lile, First African Baptist, likasambaa mwambao mzima, ndiyo maana ukitembea Georgia unaona First African hapa na First African pale na kila mmoja ni wa kwanza. Mwaka 1833 jimbo likapitisha sheria kwamba mtu Mweusi asihubirie zaidi ya watu saba bila kibali, na kibali chenyewe kilihitaji ushahidi wa wachungaji watatu waliowekewa mikono. Hesabu hiyo ya watu saba inaeleza mengi. Kijiji cha mashambani kisicho na kibali kiliomba ndani ya vibanda vidogo au vichakani, na kiongozi wao alikuwa mzee wanayemwamini, mara nyingi asiyejua kusoma.

Humo ndimo ulimozaliwa mwenendo wa ibada ambao mgeni akiuona leo anashangaa. Benchi zinasogezwa ukutani. Mzee mmoja anaketi na fimbo, mara nyingi mpini wa ufagio, anagonga sakafu ya mbao. Mwimbishaji anatoa mstari, walio nyuma yake wanaitikia kwa makofi, na kina mama wanazunguka duara kinyume na saa, wakiburuza miguu. Mguu haupiti juu ya mwenzake, maana ukipita hiyo ni dansi, na dansi ni ya dunia. Wenyewe wanauita shout, ingawa hakuna anayepiga kelele. Kijiji cha Bolden, bara ya kaunti hiyo hiyo, hawajauacha; huufanya kwenye mkesha wa mwaka mpya, na kikundi chao, McIntosh County Shouters, kimeutoa nje ya kijiji tangu 1980. Mkesha huo una uzito wake: usiku wa 31 Desemba 1862 watu Weusi walikesha wakingoja tangazo la uhuru la Rais Lincoln lianze kazi asubuhi yake.

Na kijana hakuingizwa kanisani kwa kuandikwa jina tu. Alipofika kama miaka 12 alitumwa kutafuta: usiku huenda peke yake porini kuomba, asubuhi humsimulia ndoto zake mzee aliyepangiwa, naye huzipima kwa majuma mpaka aridhike. Ndipo apelekwe mbele ya mashemasi, kisha mtoni. Ubatizo ulipangwa kwa maji: walibatiza yakiwa yanakupwa, ili dhambi zichukuliwe baharini. Mchungaji aliyefika maji yakijaa alisubiri.

Sasa tuje kwenye miaka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861, familia ya Spalding ilikimbia kisiwa, na watumwa wakapelekwa bara ya ndani. Uhuru ulipofika wengi wao walirudi Sapelo, safari ndefu ya miguu. Januari 1865 Jenerali Sherman alitoa Amri Maalumu Namba 15, iliyotenga visiwa vyote kuanzia Charleston kwenda kusini kwa ajili ya walioachiwa huru, kila familia hadi ekari 40. Tunis Campbell, mhubiri Mweusi kutoka kaskazini, akawekwa kusimamia visiwa hivi, Sapelo ikiwemo. Watu wakalima. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson akawasamehe mabwana wa zamani na kuamuru warudishiwe ardhi.

Tafadhali weka tarehe hizo karibu na hii: Mei 1866, mahali paitwapo Hanging Bull, upande wa magharibi wa kisiwa, wanaunda First African Baptist. Yaani wamejiunda kanisa wakati wanapokonywa mashamba. Kama ningeulizwa kwa nini Wabaptisti na si Wamethodisti, ningejibu kwamba sehemu ya sababu ni ya utaratibu tu. Kanisa la Kimethodisti la Weusi, AME, lilikuwepo tangu 1816, lakini lina askofu anayewapangia mchungaji, na mali ni ya dhehebu. Mbaptisti hahitaji ruhusa ya mtu yeyote wa mbali. Waliobatizwa wachache wanafunga agano, wanachagua mashemasi, wanamwita mchungaji, basi. Kwa watu waliokuwa wamepewa ardhi na Washington na kunyang'anywa na Washington hiyo hiyo, chombo kisichotegemea amri ya mbali kilikuwa na mvuto wake.

Hapo ndipo unaingia 1871. Wanaume watatu wa kisiwani, William Hillery, John Grovner na Bilali Bell (litazame hilo jina), walifungua kampuni wakanunua ekari 1,000 za Raccoon Bluff, upande wa mashariki, kwa dola 2,000. Wakazikata vipande vya ekari 33 na kuziuzia familia. Ni mtumwa wa jana aliyenunua ardhi kwa fedha halali, na hati ikaandikwa. Kanisa likahamia huko walikohamia watu. Hii ndiyo sababu nauona mwaka huu mkubwa: kanisa la kijijini la Weusi wa Marekani lililokaa kwenye ardhi ya bwana liliishi kwa hisani yake. Mpangaji akifukuzwa, shemasi kafukuzwa. Lililokaa kwenye ardhi yake lingeweza kufungua shule chini ya paa lake, kuita mkutano wa kisiasa, au kumkataa mchungaji asiyewafaa.

Jengo la kwanza halikudumu. Oktoba 1898 kimbunga kikali kiliivamia Georgia na bahari ikapanda juu ya visiwa. Wenyeji wanasema kanisa la 1900 lilijengwa kwa mbao zilizotupwa pwani na dhoruba ile, na sioni sababu ya kuwabishia. Mwambao wowote unajua thamani ya mbao iliyoletwa na maji. Kwa hiyo binti yako akizigusa kuta zile, asifikiri ni mbao zilizonunuliwa dukani Savannah.

Maisha ya kanisa kama lile hayakuwa ya kila Jumapili kama tulivyozoea mjini. Mchungaji wa mashambani alihudumia makanisa kadhaa, kwa hiyo alifika mara moja au mbili kwa mwezi. Jumapili nyingine waumini huvuka kwenda kwa jirani. Sapelo jirani huyo alikuwa St. Luke, kanisa la pili la Kibaptisti, kijijini Hog Hammock. Mchungaji asipokuwepo, wenye kanisa ni mashemasi na kina mama wa kanisa. Hao ndio waliosuluhisha ugomvi wa mke na mume, waliomtenga mlevi mpaka atubu mbele ya watu, na waliotunza mfuko wa maziko. Anayehamia mjini alichukua barua ya ushirika kutoka kanisa lake ili apokelewe aendako, na alitarajiwa kurudi kwenye sikukuu ya kanisa, akiwa hai au ndani ya jeneza.

Wafu walizikwa Behavior, makaburi ya Weusi ya kisiwani tangu utumwani. Juu ya kaburi huwekwa vitu alivyovitumia marehemu mwishoni: kikombe, sahani, taa, saa ya mezani. Vingi huvunjwa kwa makusudi. Mapadri na wachungaji wa mjini waliiona desturi hiyo ni ushirikina. Wanakanisa wa Sapelo waliimba nyimbo zao za Kibaptisti, wakateremsha jeneza, wakaweka na kikombe.

Kilichoondoa watu Raccoon Bluff hakikuwa bahari. Mwaka 1934 kisiwa karibu chote kilinunuliwa na R. J. Reynolds, mrithi wa utajiri wa tumbaku, isipokuwa vijiji vya Weusi vilivyokuwa na hati zake. Kuanzia miaka ya 1950 akaanza kuvikusanya vijiji hivyo vyote kwenye kimoja, Hog Hammock, kwa kubadilishana viwanja. Ajira karibu yote ya kisiwani ilikuwa mkononi mwake, hivyo mtu akiniambia walikubali kwa hiari, namuuliza hiari ya nani. Raccoon Bluff ilikuwa ya mwisho, ikabaki tupu 1964. Kanisa likahama na watu kwa mara nyingine, wakajenga jipya Hog Hammock, na lile la 1900 likaachwa msituni. Bara, huko Harris Neck, serikali ilikuwa imeshafanya kama hivyo mwaka 1942: iliwaondoa Weusi wenye hati zao ili kujenga uwanja wa ndege za vita, na tangu 1962 eneo hilo ni hifadhi ya ndege wa porini.

Jengo la zamani liliingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria mwaka 1996, likakarabatiwa, na hufunguliwa kwa ibada maalumu. Wenye nalo ni wachache, kwani Hog Hammock ina wakazi wa kizazi cha watumwa makumi machache tu. Septemba 2023 kaunti ilibadilisha kanuni na kuruhusu nyumba kubwa zaidi ya mara mbili ya zile za awali, jambo ambalo wenyeji walisema lingepandisha kodi mpaka washindwe. Oktoba 2024, kwenye sikukuu yao ya utamaduni, daraja la gatini lilikatika wakati watu wakingoja boti, wakafa saba.

Ukiniambia binti yako anataka kuandika habari hizi chuoni, asianzie kwenye kibao cha mlangoni. Aende Darien, makao ya kaunti, aombe vitabu vya hati za ardhi vilivyosalia. Kumbukumbu za zamani zaidi asizitegemee, mji ule ulichomwa moto Juni 1863. Aulize vijitabu vya ratiba ya sikukuu ya kanisa, maana humo kina mama huandika orodha ya wachungaji na mashemasi ambayo haipo maktaba yoyote. Aangalie ni majina gani yanajirudia kati ya hati na orodha hiyo. Boti ya Sapelo huondokea Meridian, na abiria lazima awe na mwenyeji au awe na watalii waliosajiliwa. Behavior haifunguliwi kwa wageni. Akitaka kufika hapo aombe ruhusa kwa familia zenyewe, na akikataliwa asipige picha kwa mbali.